Mtangazaji, Si Msaidizi wa Ofisi

Bi Nyirasafari Mutesi anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, baada ya kuitumikia redio yetu ya Gisenyi kwa miaka ishirini na mmoja. Cheti atakachokabidhiwa siku hiyo kinamwita "msaidizi wa ofisi". Kazi yake ilikuwa utangazaji. Ameshasema kwamba cheti chenye maneno hayo hatakipokea, na ana haki.

Alizaliwa njiani, mama yake akitoka Bugeshi kwenda Goma kuwaona ndugu, na jina lake likaibeba safari hiyo. Alikulia Goma, upande wa Kongo, akaolewa Gisenyi. Kule walimwita Mnyarwanda, huku wakamwita Mkongomani. Aliyemuuliza kwao ni wapi alipata jibu moja: "Mi niko mutu wa hapa. Na kule nako ni hapa."

Kila adhuhuri Mama Belyse, kama tunavyomwita sote, alisoma matangazo ya vifo, harusi na mifugo iliyopotea, kwa Kiswahili cha sokoni kinachoeleweka pande zote mbili za mpaka. Siku moja alikuwa bado anaisoma habari ya ng'ombe wa Nyakiriba simu ikalia. "Mama Belyse, ngombe iko kwangu, lakini imemaliza viazi yangu! Mwenyewe akuje na pole."

Mwaka 2016 mhariri wetu wa lugha, Bw. Kabera, aliyesomea Tanzania, aliamua kwamba Kiswahili hicho kimevunjika. Mama Belyse akaondolewa kwenye maikrofoni na kupewa meza ya kupokea matangazo. Barua ya uhamisho ndiyo iliyomwita msaidizi.

Wiki ya tatu alipokea tangazo kutoka Kanama, akaliandika kama alivyoambiwa: "Mudogo ya Sebahire amekufa." Huku kwetu mudogo ni ndugu aliyekufuata kuzaliwa. Bw. Kabera akalisahihisha: "Mtoto mdogo wa Sebahire amefariki dunia." Mama Belyse alimwonya kabla halijasomwa. "Bon, patron, mudogo si mutoto." Tangazo likasomwa lilivyosahihishwa.

Uwera, mke wa Sebahire, alikuwa Goma akiuza maharage, redio ikiwa wazi kibandani. Aliacha magunia, akavuka mpaka akilia, wanawake wenzake wakimshika mikono. Nyumbani alimkuta mwanawe Emmy mlangoni, anakula kiazi. Aliyekufa alikuwa shemeji yake.

Kesho yake Uwera alikuja redioni. "Muliniulia mutoto ku redio! Nani alisoma ile? Mama Belyse hawezi sema vile!" Bw. Kabera alimjibu kwamba sentensi ilikuwa fasaha. Ilikuwa fasaha kweli. Ilikuwa pia uongo.

Jumatatu Mama Belyse alirudishwa kwenye maikrofoni, na hajaondoka tangu hapo. Hakuombwa radhi, wala barua ya kumrudishia cheo haikuandikwa. Miaka minane ametangaza huku faili likimwita msaidizi. Mwezi uliopita chumba cha habari kiliomba mara mbili faili lirekebishwe. Uongozi ulijibu kwamba hilo ni neno tu. Sisi kazi yetu ni maneno.

Na lawama si ya Bw. Kabera peke yake. Sisi tulionunua mboga asubuhi kwa Kiswahili hicho, tukawasalimia mama zetu kwacho, tuliingia ofisini tukakubali kwamba hakifai kututangazia misiba yetu. Hakuna aliyepinga mpaka mwanamke alipovuka mpaka akimlilia mtoto aliye hai.

Bi Nyirasafari atasoma matangazo yake ya mwisho Ijumaa saa sita mchana. Sherehe ni saa nane. Cheti kikibaki kama kilivyo, haji, na wafanyakazi kumi na wanne wa chumba cha habari wametia saini kwamba hawaji pia. Keki itakatwa na uongozi.

Mama Belyse, asante kwa miaka yote. Upumzike ukiwa na afya, na wajukuu wakuchoshe kwa kucheka. Chai ya watu kumi na wanne uiweke jikoni kwako. Kwenye cheti tutakachokuletea sisi, chini ya jina lako tumeandika: mtangazaji.