Nyongeza na Kichwa cha Sita

Amani iwe juu yenu, ndugu zangu, na sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuvusha! Wenye udhu wasisogee mbali. Nitamtaja mbwa, lakini sikuja naye.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa soko, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Nikinunua mayai nayahesabu pale pale, nikifika mlangoni nayahesabu tena, labda kuku amebadili nia. Mtu akiniambia nimtegemee Mungu, nilikuwa nikimjibu kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyenipa vidole kumi vya kuhesabia.

Miaka ya sabini ilipovuka nusu tulikuwa tunakaa mji wa Mahajanga: mimi, mke wangu Moinaecha, watoto sita, na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko. Jirani yetu Mzungu alikuwa anarudi kwao, nikanunua kabati lake. Tulipopatana nikadai nyongeza, kama ilivyo desturi. Akafikiri, akaingia ndani, akarudi na mbwa.

Ndugu zangu, mbwa wa namna hiyo huitwa korgi. Ana masikio ya mbweha na kiwiliwili cha mbwa mkubwa, lakini kwenye miguu amepunjwa. Kwao huchunga ng'ombe kwa kuwauma visigino. Watoto wakamwita Nyongeza. Mimi nikapanga kumuuza kabla ya Ijumaa, hakuna aliyemtaka. Koko alimpita kwa mbali huku ameinua nguo, na siku aliporambwa mguu alijitoharisha mpaka pipa likakauka. Lakini kila magharibi mbwa yule alizunguka mtaa akiwasukuma wanangu nyumbani kwa pua, mmoja mmoja, na hakulala mpaka wametimia. Nikacheka, nikasema tumepata karani.

Kisha mji ukatuchafukia sisi wenye asili ya Komoro. Nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Tukapakia tulichoweza kwenye lori la kukodi, twende kisiwa cha Nosy Be kwa ndugu zake Koko. Nikasema mbwa abaki. Watoto wakalia. Mbwa akaingia kapuni.

Baada ya siku kadhaa za barabara mbovu tukafika Antsahampano, ambako pantoni la Nosy Be huondoka maji yakijaa, wala halimngoji mtu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikawaketisha watoto pantonini chini ya turubai, nikashusha mizigo yote, nikarudi nikapitisha mkono juu ya turubai. Vichwa sita. Nikarudia. Sita.

Nyongeza akaanza kulia kapuni kama anachinjwa. Akapasua mfuniko, akaingia chini ya turubai, akatoka, akaruka kwenye tope na kukimbia tulikotoka, kwa miguu ile ile ya kupunjwa. Watu walicheka. Nami nikamwambia mke wangu kwamba mzigo umepungua. Kamba za pantoni zilikuwa zinafunguliwa.

Hapo Koko, ambaye hakuwahi kulitamka jina la yule mbwa, akaniambia kwa Kikomoro chake, taratibu:

"Mkwe wangu, Nyongeza hakosei. Inua turubai."

Nikamwambia nimekwisha kuhesabu mara mbili.

"Umehesabu vichwa. Tazama nyuso."

Nikainua. Nyuso tano zangu. Wa sita alikuwa mtoto wa watu, amejibanza kukwepa mvua, anakula muhogo wetu. Faiza wangu, wa miaka minne, hayupo!

Koko akaketi juu ya ubao wa kupandia pantoni, akawaambia mabaharia, "Mimi ni mzito. Nitoeni." Hakuna aliyethubutu. Nikakimbia. Lori letu lilikuwa limekwisha kugeuzwa, injini inanguruma, lirudi kusini. Mbele ya gurudumu amesimama Nyongeza, anabweka, na dereva ameshuka na fimbo. Nikapanda nyuma. Chini ya magunia matupu Faiza amelala, kidole mdomoni.

Nilimbeba mtoto mkono mmoja na mbwa mkono wa pili. Mbwa amelowa, nami nimelowa. Mambo ya kujitoharisha nikayaacha mpaka ng'ambo.

Tulipovuka na kupata nyumba Ambondrona, huko kisiwani, Koko mwenyewe alimtandikia Nyongeza gunia chini ya baraza. Akasema mkeka si wake, ila jamaa ni yake. Mbwa yule akaishi nasi mpaka uzee, akiwakusanya wanangu kila magharibi.

Kisa cha wale vijana waliolala pangoni mnakijua. Watu wamebishana walikuwa wangapi, lakini kila anayewahesabu, na mbwa wao humhesabu.

Basi namshukuru Mola aliyenikomboa na kutegemea vidole vyangu. Nawe uliyepotelewa na hujui umepotelewa na nini, mtegemee Yeye. Hahesabu vichwa, anatujua kwa nyuso. Kuhesabu sikukatazi. Hesabu, kisha inua turubai.

Nikiulizwa tulivuka wangapi siku ile, nasema tisa, na wa kumi Nyongeza. Faiza yupo pale nyuma na wanawe wanne. Nimewatazama nyuso.