Zima, Funga, Beba: Mama Nyiramana Anaweka Chaki Chini

Mama Godelieve Nyiramana aliingia darasani kama mwalimu kwa mara ya kwanza Septemba 1987, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako baba yake alichunga ng'ombe na mama yake aliuza maziwa. Tarehe 2 Julai 2023, hapa Mpofi, anastaafu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vita, na tusijifanye hatuvioni kwa sababu leo ni sherehe.

Alianza kufundisha kompyuta mwaka 2009, parokia ilipoiletea shule yetu ya msingi kompyuta sita za kubeba, zilizokwisha kutumika kwingine. Papa Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alizichaji dukani kwake karibu na shule pamoja na simu za wateja. Kwingineko mtoto hufundishwa kwanza kuwasha. Mama Nyiramana alianzia mwishoni: zima, funga, beba. Ambaye hakuweza kuizima kompyuta vizuri, kuifunga katika blanketi na kutoka nayo mgongoni bila kusukumana, hakugusa herufi hata moja. Baadhi yetu walimu tulicheka. Tulikuwa wajinga.

Mwaka 2011 mkaguzi alikuja kutoka mjini. Watoto walikuwa wakiandika majina yao wakati mapipa matupu yalipoanguka kutoka kwenye lori la Papa Katembo, kishindo kikajaa barabara nzima. Kabla mwangwi haujaisha darasa lilikuwa tupu. Watoto walikuwa nyuma ya migomba, kompyuta mgongoni. Waliporudi walimkuta mkaguzi chini ya meza. Gisubizo, msichana wa darasa la tano, aliinama akamwambia kwa heshima zote:

"Papa Inspecteur, mutoke tu. Iko mapipa."

Mkaguzi hakusamehe. Katika ripoti yake aliandika kwamba watoto hawa wanajua kukimbia tu, na kwamba kompyuta zingefaa kupelekwa ofisini kwake mjini, mahali penye usalama. Mimi ninayeandika nimehama mara nyingi kuliko nilivyobadilisha koti, na maneno hayo bado yananichoma. Nani aliwafundisha watoto wetu kukimbia? Si mwalimu wao. Yeye aliwafundisha kukimbia bila kuacha masomo nyuma.

Mwaka uliofuata hayakuwa mapipa. Wenye bunduki walipasua madawati yetu wakayafanya kuni za kupikia nyama ya ng'ombe wa watu, wakiwemo ng'ombe wa nyumbani kwa Mama Nyiramana. Sisi tulishuka kupitia msituni hadi Walikale, hapa Mpofi tulipo sasa, watoto wakipokezana mizigo. Kompyuta zote sita zilifika. Ofisi ile ya mjini, yenye usalama, iliporwa mwaka huohuo hadi viti. Hakuna aliyeandika ripoti juu ya hilo.

Moja ilikuwa imeingiwa na mvua na haikuwaka tena. Mama Nyiramana aliifungua mbele ya darasa, akaonyesha ndani yake vijistari vyembamba vya dhahabu. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake anachimba dhahabu katika machimbo ya Omate, aliuliza:

"Sasa Mama, kama dhahabu inatoka kwetu, hii machine njo yetu?"

"Njo yenu," alimjibu, yaani ndiyo yenu. "Lakini mikono iko na udongo. Nenda unawe kwanza."

Yeye mwenyewe alikwenda Omate mara nyingi kuwarudisha wanafunzi walioacha kalamu wakashika sururu. Wengine alirudi nao. Wengine udongo uliwafunika, na majina yao hayasomwi katika sherehe yoyote, ya kampuni wala ya serikali.

Gisubizo amekuwa mwalimu. Ana diploma yake na ameomba kulirithi darasa hili. Ofisi ya mjini ilijibu kwamba Mama Nyiramana akistaafu somo litafungwa, na kompyuta zitachukuliwa. Wiki iliyopita ilimtuma mtu na gari. Aliingia darasani somo likiendelea, hakumsalimu mtu, akaanza kuhesabu kompyuta kwa kidole. Mama Nyiramana hakubishana naye. Aliwageukia watoto akasema maneno matatu wanayoyajua.

Walizima. Walifunga. Walibeba, wakatoka kwa mstari, kila kompyuta ikaenda na mtoto nyumbani kwao.

"Hawa watoto wanaenda wapi?" mtu wa ofisi alipiga kelele.

"Wanakimbia, papa," alijibu Mama Nyiramana. "Rapport yenu ilisema njo kitu wanajua."

Gari lilirudi mjini tupu. Jumatatu asubuhi kompyuta zote tano zilikuwa mezani, zimefutwa vumbi, na Gisubizo alikuwa amesimama mbele ya darasa. Wazazi wametia sahihi: hazitoki Mpofi. Atakayezitaka aje kuzitaka kwetu, mchana, mbele ya mama za watoto.

Mama Nyiramana, asante kwa kila kitu ulichokataa kukiacha nyuma. Upumzike, upate ng'ombe wengine na maziwa ya kutosha. Na siku moja upite karibu na dirisha la Gisubizo, umsikie akianza somo la kwanza la mwaka kwa neno ambalo wewe vita vilikunyima kuanza nalo: washeni.