Mwanga Begani kwa Yuda

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Rangi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Mimi nilikuja wa mwisho, nikamkuta tayari anachora ukuta wa jikoni kwa mkaa na kuchapwa kwa ajili hiyo.

Shule ya msingi alimaliza mwaka 1976. Hesabu zilimpiga chenga, lakini ramani za darasa zima alichora yeye. Kisha akapaka nyumba na kuandika mabango ya maduka kwa miaka arobaini na kitu. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyemvumilia yeye pamoja na harufu ya rangi.

Mwaka 1998 alichora Karamu ya Mwisho iliyo nyuma ya altare. Mwanga wote unatoka kwa Bwana, unafifia kiti hadi kiti, na Yuda yuko mwisho, gizani. Lakini begani kwake kuna doa jeupe. Mapadri watatu wametuhubiria doa hilo. Wa kwanza alisema ni dhamiri inamchoma, wa pili nafasi ya toba, wa tatu huruma ya Mungu. Leo niseme ukweli: lile doa ni kitambaa changu. Nilitumwa kufuta vumbi, nikafuta na giza la Yuda, rangi bado mbichi. Kaka akashuka ngazi, akatazama.

"Mdogo wangu, umefanya nini?"

"Si upake tena!"

Akacheka. "Acha. Meza ni moja, mwanga umruke yeye tu? Kwani mwanga una kinyongo?"

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2022. Miezi kumi na moja tulipokezana, mimi na wifi, hospitali na nyumbani, hadi migongo ikasahau kitanda. Kamati ya kanisa ilikuja kumjulia hali, na barua mkononi: Yuda atiwe giza, waumini wanachanganyikiwa. Siku hiyo hakula. Alirudia tu, "Wasimguse." Alifariki Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika shukani.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake huyu aliyechoka. Wanakamati, nawaheshimu. Brashi zake nimezifungia kwangu. Anayetaka kumtia Yuda giza, aje na giza lake mwenyewe.

Kaka, pumzika kwa amani. Lile bega nalilinda mimi.