Mzee Bado Anaondoka, Safari Hii Kweli

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi saba kazini, mpimaji mkuu wa mradi wa reli ya pwani anastaafu. Wasomaji wenye kumbukumbu nzuri watasema habari hii waliisoma mwaka jana. Ni kweli. Waliisoma na mwaka juzi. Mara zote mbili kadi zilichapwa, viti vikapangwa, na siku nne kabla ya sherehe mhusika akaandika barua ya mistari miwili akiomba kuongezewa muda, kwa sababu tuta la reli kwenye kilomita ya arobaini na moja lilikuwa bado linatitia.

Neno hilo, bado, ndilo lililompa jina. Aliajiriwa kama mshika ubao, yaani mtu wa kusimama juani na ubao wenye namba huku mwenzake akichungulia kwenye darubini ya kupimia. Baada ya miaka sita darubini ikawa yake. Alipima njia za bara kwa muda mrefu bila kugombana na mtu, maana ardhi ya huko ina adabu: ukiiwekea jiwe leo, kesho unalikuta. Miaka tisa iliyopita akaletwa huku.

Kwenye ramani, sehemu yetu ni mstari mnyoofu wa kilomita kumi na mbili. Chini ni mikoko, tope la kufika kiunoni, maji yanayoingia na kutoka mara mbili kwa siku, na chumvi inayokula bolti zikiwa bado kwenye boksi. Tingatinga letu la kwanza lilizama kilomita ya thelathini na nane na liko huko hadi leo. Maji yakipwa sana, bomba lake la moshi huonekana.

Kila asubuhi Mzee Bado alitembea juu ya tuta na kitabu chake cha vipimo ndani ya mfuko wa nailoni, akisoma kigingi kimoja baada ya kingine. Na kila asubuhi msimamizi wa kokoto, mwenye malori arobaini kwenye foleni, alimngoja.

"Mzee, leo tunamwaga?"

"Bado."

"Jana ulisema bado."

"Na jana ilikuwa bado."

Siku moja msimamizi huyo alimfuata mpaka mlango wa choo. Akajibiwa kutokea ndani, jibu lile lile.

Kinachokera zaidi ni kwamba mara ya kwanza aliposema tayari, alikosea.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Vipimo vya mwaka mzima vilionyesha tuta halijashuka hata upana wa kidole. Kokoto zikamwagwa, mataruma yakapangwa, kilomita tatu za reli zikafungwa, watu wakapeana mikono. Wiki ya tatu, siku ya bamvua, maji yalipojaa kupita kawaida, Mzee Bado alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi ya kambi akikwangua tope kwenye buti. Maji yakafika ngazi ya tatu. Kwenye bamvua la mwaka uliotangulia yalikuwa yameishia ya kwanza.

Mtunza stoo alisema bahari imepanda. "Bahari ingepanda, mkoko ungejua," Mzee Bado akamjibu, akavaa buti moja na kuondoka. Nje ya kambi kuna mkoko mkubwa wenye msumari anaotundikia koti. Mwaka uliotangulia maji yalikuwa yamefika kiganja kimoja chini ya msumari. Siku hiyo pia yalikuwa kiganja kimoja chini ya msumari. Bahari ilikuwa palepale. Ofisi ndiyo iliyokuwa inashuka.

Vipimo vyetu vyote vilikuwa vikilinganishwa na kigingi kimoja cha zege uani mwa ofisi hiyo. Ua ulijazwa kifusi kile kile cha tuta, juu ya tope lile lile. Tuta likishuka, kigingi nacho kilishuka, kwa mwendo mmoja, na kitabu kikaandika sifuri kila wiki kwa mwandiko mzuri sana. Kigingi kiliwekwa hapo kwa muda tu, kungoja njia ya kwenda kwenye mwamba usiotitia, kilomita tisa ndani, ikauke. Njia ilikauka. Hakuna aliyekumbuka, akiwemo aliyekipiga, ambaye ni yeye.

Alichukua darubini akapima kutoka mwambani hadi uani, kisha akarudia kurudi. Siku mbili. Sentimita thelathini na moja. Ripoti yake ilianza na sentensi ya maneno manne: "Kigingi hicho nilikipiga mimi." Meneja wa mradi alimsihi ailainishe, waandike hali ngumu ya kijiografia. "Jiografia haikupiga kigingi," akasema, na ripoti ikaenda kama ilivyo.

Reli ziling'olewa na watu wale wale waliozifunga. Kiongozi wa mafundi wa reli hakumsemesha kwa wiki saba, ila neno "pisha". Makao makuu yaliandika kwamba mzee aende nyumbani mara moja. Mhandisi mkuu wetu, mama asiyependa barua ndefu, alijibu hivi: "Amenichosha kuliko tope lenyewe. Niachieni. Hakuna mwingine atakayeniambia ukweli kuhusu tuta hili." Wakamwacha, kwa sharti kwamba asistaafu kabla ya kilomita ya arobaini na moja kusimama. Sharti hilo halikuwa na haja. Alikuwa ameshajiwekea mwenyewe.

Tukarundika kifusi cha ziada juu ya tuta, mita mbili, ili uzito ulikamue tope maji yake. Kisha tukakaa kungoja. Hiyo ndiyo miaka ya zile kadi mbili. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi ambaye naye ameshastaafu, alishona gauni kwa ajili ya sherehe ya kwanza na kulipanua kwa ajili ya ya pili. Alipopelekewa kadi ya tatu alituma ujumbe kupitia kwa dereva aliyeileta: "Waambie ya nne nitawashia jiko."

Jumatatu iliyopita alikuja kambini mwenyewe, amevaa gauni, mkoba mapajani, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Mabehewa kumi na nane yaliyojaa kokoto yalisimamishwa kwenye kilomita ya arobaini na moja, juu ya reli zilizofungwa upya baada ya kifusi cha ziada kuondolewa, maji yakiwa yamepwa, yakaachwa hapo mpaka bamvua lilipojaa. Kama tuta lingeshuka, treni ya kwanza isingepita mwaka huu, na mzee asingeondoka. Mzee Bado alisoma vigingi vyote. Akarudia. Akarudi na tope hadi magotini, akafungua kitabu, akarudia hesabu.

"Mzee, jamani," msimamizi wa kokoto akasema.

Akafunga kitabu. "Pitisheni."

Mkewe alisimama. "Mama mhandisi, umesikia? Nyote ni mashahidi."

"Mpeni karatasi ya kustaafu asaini kabla hajageuka," mhandisi mkuu akajibu.

Akasaini.

Anaacha wapimaji kumi na wanne aliowafundisha, na wote sasa wanasema bado kwa sauti ile ile, jambo ambalo msimamizi wa kokoto ameliandikia malalamiko rasmi. Katika maisha yake ya kazi amepoteza darubini moja tu. Imo ndani ya tingatinga.

Tunamshukuru kwa malori aliyoyazuia, kwa reli alizotung'olesha, na kwa ile sentensi ya maneno manne ambayo wengi wetu tusingeiandika. Mkewe ametuarifu kwamba nyumbani kuna kibaraza chenye vigingi kwa miaka sita sasa, na kila akiulizia sakafu anaambiwa neno analolijua. Safari hii amekwisha kumwita fundi wa zege, na tarehe hakumwonyesha mtu.

Mzee wetu, nenda salama, upumzike, na tunakuombea kibaraza kikamilike ukiwa umekaa juu yake.

Kipimo cha leo asubuhi, kilomita ya arobaini na moja: hakuna badiliko. Tumepima kutoka mwambani.