Mama Koti Anatuacha Ijumaa, Mtihani Ni Jumatatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika shule hii, mwenzetu ambaye wanafunzi wote humwita Mama Koti anastaafu rasmi Ijumaa hii. Jumatatu inayofuata watahiniwa wa mwaka wa mwisho wanaanza mtihani wa mazungumzo, mmoja mmoja, mlango umefungwa, mbele ya mtahini kutoka nje asiyemjua yeyote. Aliyezipanga tarehe hizi mbili hakutuuliza. Ndiyo maana wiki hii shule nzima imetulia kama chumba cha kusubiria daktari wa meno.

Alikuja kwetu akiwa mwembamba, chaki mfukoni, na imani kubwa katika kukariri. Mwaka wake wa kwanza aliwaandikia watahiniwa maelezo matamu ya kujitambulisha: jina langu, kazi ya baba, mchezo ninaoupenda na, ili kugusa moyo, bibi yangu kipenzi aliyefariki wiki iliyopita. Wakayameza bila kutafuna. Mtahini wa mwaka ule alikuwa mtu wa huruma. Mtahiniwa wa kwanza alimpa pole. Kwa wa tatu akavua miwani. Alipofika wa saba akauliza kama kuna ugonjwa umeingia mtaani, na hapo mtoto wa watu akakauka, maana swali hilo halikuwamo kwenye maelezo. Matokeo yalipotoka, darasa zima lilikuwa limeanguka; mabibi wote walikuwa hai na wote walilia.

Mwingine angewalaumu wanafunzi. Yeye aliyachana maelezo yale mbele ya darasa, akasema amewafundisha kusema lakini hajawafundisha kusema huku wakiogopa, na kwamba hofu haifukuzwi, huzoewa. Kesho yake akaja na koti la baba yake, aliyekuwa mlinzi wa usiku: zito, jeusi, kola imesimama kama ukuta. Hapo ndipo alipozaliwa Mgeni.

Utaratibu haujabadilika tangu siku hiyo. Mwalimu anatoka kwa mlango wa mbele, anavaa koti, anaingia Mgeni kwa mlango wa nyuma. Mgeni hamjui mtu. Hacheki, hasaidii, hatikisi kichwa. Anauliza linalomjia, na mtoto akikwama anasema neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya endelea. Sisi wa stoo ya madaftari, tunaopakana na chumba hicho, tumelisikia neno hilo mpaka tunaliota. Nahodha mmoja wa mpira, aliyekuwa akiwatisha mabeki kwa macho, alimwona Mgeni akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Alirudi kesho yake. Mkuu wa shule aliyepita aliingia kuomba chaki, akaulizwa anapenda kufanya nini jioni. Alijibu ndiyo, akatoka bila chaki.

Lakini tangu koti liingie, hakuna darasa lililotia aibu kwenye mazungumzo. Waliopita hapa wakirudi kutusalimu, jambo la kwanza ni kuchungulia kama bado limetundikwa pale pale.

Mwaka huu hofu yetu ni juu ya mtahiniwa mmoja, anayejulikana kwa kazi ya baba yake: binti wa fundi cherehani. Kwa maandishi hana mpinzani. Chuo cha uuguzi kimemwekea nafasi kwa sharti moja, afaulu mtihani wa mazungumzo, na mbele ya koti sauti yake hupotea kabisa. Ajabu ni kwamba koti lenyewe baba yake ndiye aliyelibadilisha bitana. Amelala nalo chumba kimoja, amelishonea vifungo, amelipiga pasi. Likitembea tu, anaganda. Wenzake wamejaribu kumtania, eti Mgeni ni kitambaa na vifungo, shoga, wewe si ndiye uliyevishona? Haikusaidia.

Jana, kipindi cha mwisho, kama wanafunzi walivyotusimulia, Mama Koti alikaa kwenye kiti cha mtahiniwa, akataka mmoja wao avae koti amhoji. Wote wakaanza kuchunguza viatu vyao. Aliyesimama ni binti wa fundi.

Koti lilimfika visigino. Alitoka, akabisha hodi, akaingia, akakaa. Sisi wa nyuma ya ukuta tukaacha kuhesabu madaftari. Kisha, taratibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, akamuuliza mwalimu wake anaogopa nini.

Mama Koti akajibu kwamba anaogopa Jumatatu: wao watakuwa humu, yeye atakuwa nyumbani anafua nguo ambazo si chafu. Sauti ikamkatikia hapo, yeye aliyewakataza watoto kunyamaza miaka yote hii. Darasa lilitarajia binti amkimbilie amkumbatie. Hakufanya hivyo. Alikaa wima kama Mgeni anavyopaswa, akamwambia aendelee. Na mwalimu akaendelea.

Hatutaki kujidanganya. Sauti ile ilitoka akiwa ndani ya koti, na Jumatatu atakaa upande wa pili wa meza. Tunaogopa sote, mpaka mpiga kengele.

Asante, Mama Koti, kwa kutuogopesha mapema, tena kwa upendo. Koti umetuachia na litabaki kwenye msumari wake. Tunakuombea afya, usingizi usio na kengele, na Jumatatu fupi. Ukikwama njiani, neno letu kwako unalijua, ulitufundisha mwenyewe: endelea.