Miaka Thelathini na Mmoja ya Kumfundisha Mgonjwa Kusema Anaumwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi wa dirisha la tatu atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ofisi yetu ya mafao ya ulemavu. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida kumweleza. Ukurasa mmoja! Haya, tujibane.

Alianza masjala akiwa mpiga chapa mwembamba (picha ipo, msibishe), akahamia kaunta, na miaka kumi na miwili iliyopita akakabidhiwa rufaa zote. Jina lake la kwenye hati ya mshahara tunalijua wahasibu na mimi tu. Kwa wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, yeye ni Shangazi, na meneja mwenyewe akiitwa na Shangazi huitika kabla hajajua amekosa nini. Mashine ya kutoa nakala humgomea kila mtu isipokuwa yeye. Huipiga kofi moja la ubavuni, nayo inatii.

Mwaka mmoja alipokea ripoti ya daktari isiyosomeka hata neno. Sisi tungeirudisha kwa posta. Yeye alibeba mkoba wake, akaifuata hospitali, akasimama mlangoni hadi daktari akakubali kumsomea. Daktari wa watu aliigeuza juu chini, akavua miwani, akaivaa tena, mwisho akakiri kwamba hata yeye haelewi alichoandika. Tangu siku hiyo ripoti zake zote huja zimepigwa chapa.

Lakini kazi yake kubwa ni madaftari. Shangazi ndiye aliyegundua kinachoua madai mengi zaidi katika ofisi hii, nacho ni adabu zetu. Mtu anaingia kwa daktari akijikokota, anaulizwa hali, naye anajibu kwa heshima zake zote kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Daktari ana foleni hadi nje, anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Dai limekwisha hapo hapo. Basi kila mwombaji aliyefika dirisha la tatu alipewa daftari la shule, aandike kila siku kitu ambacho mwili umekataa kufanya, na aliyemsaidia atie sahihi. Kuandika tu kwamba mgongo unauma alikataa katakata. Alitaka kusoma kwamba leo sabuni imeanguka bafuni na mke ndiye aliyeiokota. Daftari hilo humfikia daktari pamoja na picha za eksirei, naye anajua apime nini.

Nikisema linafanya kazi mtadhani natia chumvi, kwa hiyo nitaeleza la fundi mwashi, ingawa linaniaibisha.

Fundi huyu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaumia mgongo na mishipa ya mguu wa kushoto. Mara ya kwanza alikuja amenyoa ndevu na kupiga pasi shati, akawaambia madaktari wa bodi inayopima ulemavu kwamba yu mzima. Mara ya pili, jamani, alimwona daktari mkuu amesimama, akaona si heshima, akambebea kiti kutoka ukumbini! Alilala kitandani siku nne kwa kiti hicho. Bodi iliandika kwamba ana uwezo wa kubeba vitu. Barua zote mbili za kukataa nilizichapa mimi, kwa lugha safi kabisa, kisha nikaenda kunywa chai.

Ikabaki rufaa, nayo ni moja tu. Akikataliwa hapo, faili linafungwa moja kwa moja, na bila kibali chetu kliniki ya mazoezi ya viungo inamwondoa kwenye orodha. Daktari wa mishipa alishasema mguu ule usipopata mazoezi mwaka huu, ndiyo basi tena. Mkewe alikuja dirisha la tatu. Shangazi akampa daftari, na siku tisini baadaye likarudi limejaa, kila ukurasa una sahihi ya mke au ya jirani.

Siku ya bodi, Shangazi alimfanyisha fundi mazoezi ya kujibu kwenye korido. Alimuuliza hali mara saba, na mara saba fundi akajibu kwamba ni nzuri. Shangazi alimfokea hadi waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na fundi mwenyewe akacheka. Nilikuwa kwenye chumba cha bodi kama karani wa kikao. Mwenyekiti alipomuuliza anaendeleaje, fundi alimtazama mkewe. Kisha akasema, polepole, kwamba tangu mwaka jana hajavaa soksi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba anaona haya kulisema mbele ya watu. Mkewe akalia. Daktari mkuu akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaanza kumpima upya tangu mwanzo.

Jumatatu hii jibu limetoka. Amekubaliwa! Masjala nzima ilipiga vigelegele, hata meneja. Nilitaka Shangazi ampelekee barua mwenyewe, akagoma. Akasema nilizichapa zile mbili, basi na hii nitaipeleka kwa miguu yangu. Nikaenda. Nikamkuta fundi amekaa kitandani, nikamwomba radhi, na barua nikamsomea mara tatu kwa sababu aliniomba niirudie. Kliniki wanamsubiri Alhamisi.

Shangazi, kwa niaba ya dirisha la kwanza, la pili, la nne, masjala, uhasibu na mlinzi wa getini, asante. Asante kwa kutugombeza, na asante kwa kila mtu uliyemfanya aaminike. Uende ukapumzike, miguu uinyooshe, wajukuu wakuchoshe wao sasa, na Mungu akupe afya na miaka mirefu ya raha.

Kiti chako nimepewa mimi kuanzia wiki ijayo. Nimeshanunua madaftari.