Nani Atanikanyaga?

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu na mnyamaze, kwa maana machozi hayalainishi kiungo. Mimi Chathu wa Kannoth, niliyenyoosha migongo ya watu wa pwani hii ya Malabar tangu ndevu hazijaota, leo siwezi kujigeuza kitandani. Msisingizie uzee. Kilichonifunga ni adabu yenu.

Tangu nianguke kisimani mnanipapasa kwa viganja kama mnaopaka chapati samli, kisha mnanifunika shuka: "Lala, Baba, usijisumbue." Nani aliwafundisha hivyo? Mafuta hufungua mlango tu, anayeingia ni mwendo, na hajatoka mtu katika kalari yangu, uwanja wetu wa mazoezi ya upanga na tiba ya viungo, akiwa mpiga upanga au bibi mwenye kiuno kibovu, bila kuinua goti lake mwenyewe baada ya kukandwa. Msuli mkavu hukandwa kwa nyayo, mkandaji akijishikilia kwenye kamba ya darini. Wageni mnawakanyaga kila siku. Mimi, aa, mguu wa mwana juu ya mwili wa baba, majirani watasema nini! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nanyi mmechelea baba kuguna, matokeo yake nimeganda.

Bhaskaran, mwanangu wa kwanza, najua umeshaipima kalari, uweke vitanda vya watalii wanaotaka kupakwa mafuta na kusinzia. Sikulaani, muuza usingizi hakosi wateja. Chukua shamba la minazi na nyumba ya barabarani, ukajenge huko. Lakini kalari, kamba na mitungi ya mafuta ni vya atakayenikanyaga sasa hivi, mbele ya mwenzake.

Haya, nani? Bhaskaran, unatazama vidole vyako. Haya, nimekuelewa, wala sina kinyongo.

Janaki, je, wewe? Unanong'ona kwamba binti akimkanyaga baba yake atapata laana. Laana hutoka kinywani mwangu, mama, na kinywa hiki ndicho kinachokuamuru. Gusa sakafu, gusa paji la uso, omba radhi kama tunavyomwomba kila mgonjwa, kisha shika kamba. Haya, panda. Usiuogope mwili wangu, wewe umetoka humo. Anzia nyongani, teleza, usipunguze uzito... Aah! Inauma, endelea! Bega sasa. Bega, nimesema!

Basi. Shuka, unikalishe. Nikifa, siku ya kunichoma, wanafunzi wafanye mazoezi kwanza, ndipo wabebe kuni. Watu watamsema huyu kwa alichofanya leo. Bhaskaran, simama ubavuni mwa dada yako, uwajibu wewe, maana wanakuogopa. Mgonjwa asiyetaka kunyanyuka msimbembeleze. Miguu yenu isichoke kabla yenu, na wajukuu wangu wawakimbize mpaka mhemewe... Ngojeni. Pumzi.

Sasa baraka. Hapana, Bhaskaran, uache mkono wangu, usiuinue. Nitauinua mwenyewe. Inama, Janaki... inama tena kidogo, mama... kidogo tu...

Hapo. Nimekufikia.